Muulize Bi Timazi: Joto hupita penye maungio

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba ijengwe vipi ili isile umeme. Nimejibu zile ambazo naziweza. Ndugu aliyetaka nimchagulie rangi ya sebule anisamehe, macho yangu yamezoea zege.

Shikamoo Bi Timazi. Mimi na mume wangu tuna kiwanja na ramani imeshachorwa. Sebule ina dirisha kubwa la kioo, mita 3 kwa 2, linalotazama magharibi ili tuwe tunaona machweo. Kwetu ni joto mwaka mzima. Muuza sola ametupigia hesabu ya paneli na viyoyozi vitatu, anasema hatutajua bili ni nini. Fundi wetu anasema tusimsikilize, tujenge kuta nene za tofali mbili na joto halitaingia. Pesa tuliyonayo inatosha kimoja tu. Tumfuate nani?
*— Wenye Kiwanja*

Marahaba, wanangu. Kwa leo msimfuate yeyote. Tandazeni ramani mezani, mtafute kaskazini iko upande gani, kisha mliangalie hilo dirisha.

Jua la saa kumi na moja jioni limeinama, kwa hiyo hukipiga kioo cha wima karibu uso kwa uso. Tuseme linatoa wati 600 kwa kila mita ya mraba, wala sijazidisha, maana jua la utosini siku isiyo na mawingu hufika 1,000. Dirisha lenu ni mita za mraba 6, na kioo cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo. Mnapata karibu kilowati 2.8. Ni kama mmewasha majiko matatu ya umeme katikati ya sebule kila jioni, halafu mnanunua kiyoyozi cha kupigana nayo. Muuza sola anafurahi, maana kila jiko ni paneli nyingine.

Msiniambie mtaweka pazia. Pazia la ndani humkamata mwizi akiwa ameshaingia: jua limevuka kioo, limegeuka joto kwenye kitambaa, na joto hilo limebaki chumbani. Kivuli chenye maana ni kile kilicho nje ya kioo: luva, shata za mbao, mkeka wa kuning'iniza, hata mti. Kama machweo hamuyaachi (nami siwalaumu), lifanyeni dirisha la magharibi liwe jembamba, lizame ndani ya unene wa ukuta, na liwe na shata ya nje. Kioo kikubwa kihamishieni upande wa kaskazini au kusini. Karibu na ikweta jua la mchana hupita juu kabisa, hivyo upenu wa mita moja unafunika kuta hizo mbili kwa sehemu kubwa ya siku. Mbali na ikweta jua la majira ya baridi huinama, likapenya chini ya upenu uleule na kuingia ndani, na huko ndivyo wenyeji wanavyotaka. Mashariki na magharibi ndiko upenu unakoshindwa, kwa sababu jua huja likiwa chini. Kuhamisha dirisha wakati huu kunahitaji kifutio tu. Mkingoja linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ifungwe, mtahitaji nyundo.

Sasa kuta nene. Fundi wenu anachanganya uzito na kinga, yaani kitu chepesi kinachozuia joto lisipite, na hayuko peke yake; nami nilichanganya hivyo kwa miaka. Tofali na zege havizuii joto, vinalichelewesha. Zege hupitisha joto takriban mara 50 kuliko sufu ya madini (kinga laini ya nyuzi za mawe au kioo), kwa hiyo sentimita 10 za sufu hufanya kazi ya ukuta wa zege wenye unene wa karibu mita tano. Hakuna atakayewajengea ukuta wa mita tano. Ukuta mzito hulimeza joto mchana na kulitema usiku. Penye usiku wa baridi hiyo ni neema: unafungua madirisha, ukuta unapoa, kesho unaanza upya. Kama kwenu hata usiku ni joto na unyevu, chumba cha kulala chenye kuta nzito zilizopigwa na jua ni tanuri linalozimwa saa nane za usiku. Hapo kuta nyepesi zenye kivuli, na madirisha yanayotazamana ili upepo upite, huzishinda tofali mbili.

Paa hamkuliuliza. Watu hawaliulizi. Lakini karibu na ikweta ndilo linalopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumba isiyo na ghorofa ina paa kubwa kuliko ukuta wowote. Nilipoanza kazi nikiwa saidia fundi, tulikuwa tunashindilia ukuta kwa siku kumi na kumalizia dari kwa siku moja, mbao nyembamba na misumari, basi. Ningerudishiwa nyumba zile leo ningegeuza hesabu hiyo.

Kwa hiyo pesa yenu igawanyeni hivi: dirisha lihame, upenu urefushwe, juu ya dari kuwe na kinga ya sentimita 10 au zaidi, na chini ya bati kuwe na njia ya hewa moto kutokea. Halafu mkae ndani msimu mmoja wa joto. Mtakapomwita tena muuza sola mtajua mnahitaji viyoyozi vingapi, na nadhani hamtataja vitatu.

Bi Timazi, nimebandika karatasi ya aluminiamu inayong'aa chini ya mabati, imegusana nayo kabisa, na dari bado inawaka. Nimeibiwa?
*— Msomaji wa siku nyingi*

Karatasi ni nzima, ila imebandikwa mahali ambapo haiwezi kufanya kazi. Ile inayong'aa hurudisha mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, nayo hurudisha zaidi ya sehemu 9 katika 10. Lakini lazima mbele yake kuwe na uwazi wa hewa, japo sentimita mbili au tatu. Ikigusana na bati, joto halina haja ya kusafiri kama mwanga. Linapita moja kwa moja kama linavyopita kwenye kijiko kilichozama katika uji. Ing'oe, itandaze chini ya pao pakiwa na uwazi, na uso unaong'aa uelekee chini. Ukiuelekeza juu utajaa vumbi, na vumbi halirudishi kitu.

Ukiwa juu huko na ndoo ya rangi, pakaa bati lenyewe rangi nyeupe. Nyeupe mpya hurudisha karibu asilimia 80 ya jua, wakati rangi ya makaa hurudisha kama 5 hadi 10. Bati tupu linalong'aa ni mtego: hurudisha jua vizuri, ila joto dogo lililoingia linashindwa kulitoa, likawa linaunguza mkono ingawa linameremeta.

Shikamoo. Nasoma kwamba nyumba bora ni ile isiyopitisha hewa. Mimi nililelewa kwenye nyumba yenye matundu juu ya madirisha na hatukuugua. Kweli mnataka tuishi ndani ya chupa iliyozibwa? Tutapumua nini?
*— Mzee mwenye wajukuu*

Shikamoo ya barua naipokea, lakini nadhani umenizidi umri, kwa hiyo shikamoo yako nakurudishia.

Swali lako linatenganisha nyumba za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu kazi. Nyumba yenye joto la kadiri, isiyo na kiyoyozi wala hita, iache ipumue kama ile uliyolelewa. Matundu yale juu ya madirisha yalitoa hewa moto iliyopanda, yalifanya kazi bila kunywa umeme. Nyumba ambayo umelipia kuipoza au kuipasha moto ni jambo jingine. Kila hewa inayotoroka ni hewa uliyoilipia.

Watu wa nchi za baridi ndio walioyajua haya kwa uchungu. Mwaka 1977 huko Regina, Kanada, wahandisi walijenga nyumba ya maonyesho isiyo na tanuru la kupashia, mahali ambapo barafu ni ya miezi. Waliweka kinga nene kwenye kuta na paa, wakaziba kila ungio, wakaongeza kifaa cha kubadilishana joto kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Waliweka pia mitambo ya jua juu ya paa. Mitambo hiyo ilikuwa ghali na yenye matatizo. Kinga na kuziba vilifanya kazi kimya kimya. Mjerumani Wolfgang Feist na Mswidi Bo Adamson walilichukua wazo la namna hiyo, na mwaka 1991 familia nne zilihamia nyumba nne zilizoungana mjini Darmstadt. Feist mwenyewe alikuwa mmoja wa wakazi. Kipimo kilichotokana na kazi hiyo ndicho kinachotumika mpaka leo: kupasha nyumba kusizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka, na hewa inayovuja isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa moja, nyumba ikiwa imevutwa na feni kwa shinikizo la paskali 50.

Hiyo feni hufungwa mlangoni, kwenye turubai lililobana fremu. Inanyonya hewa kutoka ndani, na kila ufa unaanza kupiga mluzi. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimejenga kwa miaka 19 na nilijiona bingwa. Upepo ulitoka kwenye soketi za umeme. Ulitoka chini ya kizingiti, penye maungio ya ukuta na dari, na pale bomba la maji taka lilipopita. Katikati ya ukuta wangu, nilikojivunia lipu iliyonyooka, hapakuvuja popote. Ni yale maungio tu, ambako kila fundi alidhani atakayekuja baada yake ataziba.

Sasa pumzi. Nyumba iliyozibwa bila njia ya hewa ni hatari, na siisemi hii kwa kusoma. Kuna nyumba niliyoizungushia mpira kwenye kila dirisha, nikaziba na matundu ya zamani kwa povu, mwenye nyumba akanishukuru. Miezi mitatu baadaye aliniita. Nyuma ya kabati la chumba cha watoto kulikuwa na kuvu jeusi lenye upana wa mikono miwili. Maji ya pumzi, ya kuoga na ya kupika yalikuwa hayana pa kutokea, yakaenda kutua kwenye ukuta wa baridi kuliko yote. Nilirudia kazi ile kwa pesa yangu.

Dawa ni kuziba nyufa zote, kisha kuifungulia hewa mlango wake rasmi. Kila mtu apate kama mita za ujazo 30 za hewa safi kwa saa. Hewa chafu inyonywe bafuni na jikoni, safi iingie vyumbani na sebuleni, na njiani zipitane ndani ya kile kifaa cha kubadilishana joto zikitenganishwa na kuta nyembamba. Ile inayotoka inaiachia inayoingia robo tatu ya joto lake au zaidi, bila kuchanganyika. Chujio libadilishwe. Nimefungua vifaa ambavyo chujio lake limegeuka blanketi, na mwenyewe analalamika kwamba nyumba inanuka.

Wajukuu wako watapumua vizuri kuliko wanavyopumua sasa usiku na dirisha limefungwa. Ukiwa na shaka, nunua kipimo kidogo cha kabonidayoksaidi, ukiweke kando ya kitanda. Asubuhi kikisoma zaidi ya 1,000, hewa haitoshi.

Bi Timazi, nimebadilisha taa zote kuwa za LED na naifuata familia nyuma nikizizima. Bili imeshuka kidogo mno. Kosa liko wapi?
*— Baba wa swichi*

Kosa liko bafuni. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 4.6 hivi. Kwa umeme huohuo taa ya LED ya wati 10 ingewaka saa 460. Unakimbizana na taa huku tangi la maji moto linakucheka.

Lifunge tangi blanketi la kinga na mabomba yake vilevile. Na kwa wale ambao bado mnachora: bafu na jiko viwe karibu na tangi, ikiwezekana vishirikiane ukuta. Bomba lenye tundu la milimita 15 hushika karibu lita 2 katika kila mita 12. Hizo lita mbili humwagwa zikiwa baridi kila mtu anapofungua bomba, na nyingine mbili huachwa zipoe ukutani. Kama unalo jua, paneli ya kupasha maji. Kama huna, pampu ya joto, ile inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, hutoa joto mara tatu ya umeme inaokunywa.

Na familia iache ipumzike.

Ninaishi kwenye baridi. Chumba cha juu kina kinga ya kutosha kwenye kuta, lakini pembeni mwa sakafu, palepale roshani inapotokeza nje, kuna unyevu na doa jeusi kila majira ya baridi. Fundi amepaka rangi ya kuzuia kuvu mara mbili. Linarudi.
*— Mchovu wa kupaka*

Litarudi na mara ya tatu. Slabu ya roshani yako ni ileile ya sakafu, imetoka nje moja kwa moja bila kukatika. Umevika nyumba koti zuri ukaacha mkono mmoja wa zege utokeze. Joto la chumba linapitia humo kwenda nje, na ile pembe ya ndani inakuwa baridi kuliko ukuta. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 hugeuka maji inapogusa kitu chenye nyuzi 12. Pembe yako iko hapo au chini yake. Rangi haina la kufanya.

Hilo tunaliita daraja la joto. Kwenye nyumba mpya dawa yake ni rahisi: roshani isimame kwa nguzo zake mwenyewe ikiwa imetenganishwa na slabu, au iunganishwe kwa kipande maalumu chenye kinga ndani na nondo chache za chuma cha pua. Kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, unaivika roshani nzima kinga, juu, chini na mbele, au unaikata. Sijui kama nyundo ya kubomolea ipo kwenye bajeti, ila watu wawili niliowashauri walikata na hawakujuta.

Na kwa mwenzako wa nchi ya joto na unyevu, daraja hufanya kazi kinyume. Anayepoza chumba mpaka nyuzi 20 wakati nje ni nyuzi 30 na unyevu ni mwingi sana anaweza kupata maji kwenye fremu ya aluminiamu, upande wa nje. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Fremu za aina hiyo nazikubali tu zile zilizokatwa katikati kwa plastiki ngumu.

Fundi mwenzangu, mteja ameniambia nyumba isivuje hewa. Hiyo feni ya mlangoni ya kwangu sina na wa kunikodisha simpati. Nitajipimaje?
*— Kijana wa mwiko*

Karibu kazini. Feni itafutwe bado, kwa sababu namba hupatikana kwake tu. Lakini nyufa utazipata bila namba, na wakati mzuri ni kabla ya lipu ya mwisho, wakati kila ungio bado linafikika kwa mkono.

Chagua siku ya upepo. Funga madirisha na milango yote, washa feni ya kunyonya ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, halafu washa kijiti cha udi. Anza chini. Kipitishe polepole kwenye ungio la ukuta na sakafu, panda kwenye vizingiti, zunguka fremu, simama kwenye kila soketi na kila bomba linalovuka ukuta, malizia penye dari na tundu la kupandia juu ya dari. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na mara nyingi ndilo linalovuja kuliko yote. Pakiwa pazima, moshi hupanda umenyooka kama timazi. Penye ufa hupinda.

Usizibe palepale. Ukiziba mmoja, upepo huzidi kwenye mingine, ukaanza kukimbizana nayo. Weka alama kwanza nyumba nzima. Kisha nyufa nyembamba uzizibe kwa utepe maalumu wa kuzibia, fremu kwa mpira unaonyumbulika. Povu la kopo litumie pale tu pasipochezacheza, kwa kuwa likikauka huwa gumu, na mbao zikijikunyata hupasuka pembeni. Waya zipitishwe mahali pamoja, fundi umeme asitoboe anapopenda. Mwambie mapema, na umwambie mbele ya mteja.

Baada ya kuziba, zunguka tena na udi. Alama uziweke kwa chaki ya buluu. Nyeupe hupotea kwenye ukuta wa chokaa, nami nimewahi kupoteza nusu siku kutafuta alama zangu mwenyewe.